Lebo za Lika

Watu wakiniuliza kuanzisha nguo zako mwenyewe kunagharimu kiasi gani, nawaambia mtamba mmoja. Wanacheka, wanadhani natania. Sitanii. Ng'ombe jike ambaye bado hajazaa, wa rangi ya majivu, ana doa jeupe kwenye paji la uso, baba alishaniambia tangu niko kidato cha tatu kwamba huyo na uzao wake ni wa mahari yangu. Huyo ndiye mtaji.

Mimi naitwa Shija. Nilimaliza kidato cha nne hapa Bariadi, matokeo yakatoka, ya kawaida tu, siyo ya kulia wala ya kuchinja mbuzi. Basi nikaanza kuhangaika. Nimeendesha bodaboda ya mtu miezi miwili, nimeuza vocha, nimefyatua tofali. Kila kitu naanza kwa mbio, wiki ya tatu nimeshachoka. Kitu kimoja tu sikuwahi kukichoka: mashati. Nikiona mtu kavaa shati limemkaa vizuri mabegani, yaani naweza kumfuata sokoni kwa nyuma kama mwizi, naangalia tu mshono. Nikasema aise, nitatoa mashati yangu ya kiume, yenye jina langu la kuchagua. Jina nilikuwa nalo tayari. RIKA. Watu wa umri mmoja, mliokua pamoja, mnavaa pamoja. Si jina zuri hilo?

Nikapanda gari mpaka Nkoma nyumbani. Baba yangu, mzee Masunga, alikuwa zizini anafunga kamba.

"Baba, nataka kumuuza yule mtamba."

"Yupi?"

"Wangu."

"Kumbe una ng'ombe?" Hakuniangalia. "Hongera."

"Yule uliyesema wa mahari yangu, baba. Nataka nianzishe biashara ya mashati."

Akamaliza fundo lake taratibu. "Shija. Yule siyo ng'ombe, yule ni mke wako. Unataka kumuuza mke ununue mashati. Utamvalia nani?"

Mama akadakia kutoka jikoni, "Mpe! Mwanamke gani atamfuata mtu ambaye hata uji anaunywa amesimama?"

Baba akacheka, na baba akicheka ujue umepona nusu. Nusu nyingine akanipa masharti. Mvua za kwanza zikigusa ardhi, kwenye lile zizi pawe na ndama jike, hata awe mdogo kama mbwa. Asipokuwepo, mashati basi, narudi Nkoma tunalima pamba mpaka nitulie. Nikakubali kabla hajamaliza sentensi. Hiyo ndiyo shida yangu.

Mtamba akauzwa mnadani laki sita na ishirini. Sikuangalia anavyopakiwa kwenye lori. Niliangalia pembeni, nikajifanya nasoma meseji.

Sasa pale ndipo nilipojua kwamba shati siyo kitambaa. Mimi hesabu yangu ilikuwa kitambaa na fundi, basi. Nikaenda Mwanza, nikanunua mita sitini na tano, rangi tatu, nikarudi naimba. Fundi wangu alikuwa mama Lukresia, ana cherehani mbili kibandani nyuma ya soko, amewashonea mapadre na wanakwaya tangu sijazaliwa. Nikaingia na mzigo kichwani.

"Mwangaluka, mayu," nikamwamkia kwa Kisukuma, kama mama yangu mzazi.

"Mwangaluka. Weka chini hivyo vitu, nyanda, kijana wangu, utavunjika shingo. Vifungo viko wapi?"

"Vifungo?"

"Au wateja wako watafunga kwa miiba?"

Nikaenda kununua vifungo. Nikarudi, akauliza uzi wa rangi tatu. Nikaenda. Nikarudi, akauliza kile kitambaa kigumu cha kutia ndani ya kola ili isimame. Nikaenda. Siku hiyo nilizunguka soko la Bariadi mara saba na kila nikirudi mama Lukresia ananiangalia juu ya miwani, "Umerudi? Na mifuko ya kufungia je?" Bado leseni ya biashara. Bado ushonaji wenyewe, elfu sita kila shati, mashati thelathini, na hapo alinipunguzia. Hela ya mtamba ilikuwa inaisha kama maji kwenye gunia.

Ikabaki lebo. Mama Lukresia alisema niachane nazo kwanza. Mimi nikasema shati bila lebo ni sare ya shule. Kuna dada mmoja Dar anatengeneza lebo nzuri za kufuma, maandishi ya dhahabu kwenye kitambaa cheusi, ila hapokei oda chini ya mia tatu. Nikakubali. Nilikuwa nimesimama pale pale kibandani, simu mkononi, mguu mmoja nje.

"Muandikie," mama Lukresia akasema. "Usiongee. Andika."

"Kuandika kunachelewesha, mayu." Nikabonyeza, nikamtumia sauti: dada, jina ni moja tu, herufi kubwa, Rika.

Yule dada akanipigia kuhakikisha. "Kaka, umesema Lika?"

"Ndiyo hiyo hiyo. Watu wa rika moja."

"Lika. Sawa kaka, tuma hela."

Nikatuma. Wewe unayesoma umeshaona kilichotokea. Mimi sikuona. Sisi huku nyumbani tunaongea Kisukuma, na Kisukuma hakina ile ere ya kutetemesha ulimi. Shuleni mwalimu alinichapa kwa "kurara" na "kulala" mpaka nikajua kuzitenga kwenye daftari, lakini mdomoni, hasa nikiwa na haraka, zote zinatoka mlango mmoja. Na masikioni zinaingilia mlango mmoja.

Mzigo ukaja na basi. Nikafungua pale kibandani, dhahabu ikawaka. Nikasoma. Mama Lukresia akasoma. Tukasema zimependeza. Naapa, tulisoma wote wawili! Akakaa siku tatu akazishona kwenye kila shati, nyuma ya shingo, chini ya kola, mshono mdogo mdogo kabisa ambao ukitaka kuufumua unachana na shati.

Nilikuwa nimepanga kuuzia watumishi. Lagangabilili kuna ofisi mpya za wilaya, watu wanavaa mashati ya kuchomekea Jumatatu mpaka Ijumaa. Nikafika saa ya chai na begi langu, mashati kumi na mbili yamepigwa pasi. Kulikuwa na mama lishe nje ya geti, watumishi wamekaa kwenye benchi wanakula chapati. Nikaanza kumwaga maneno. Dada mmoja anaitwa Violeth, wa masjala, siyo mtu wa huku, akachukua shati la bluu amwangalizie mumewe. Akapapasa kitambaa, akakubali kwa kichwa. Akageuza kola.

Akaisoma lebo. Halafu akaanza kucheka, lakini kile kicheko cha mtu anayejizuia, mabega yanaruka.

"Mdogo wangu. Hii kampuni inaitwaje?"

"Rika."

"Hapana, hapa pameandikwaje?"

Nikaangalia. Ele, i, ka, a. Yaani ndiyo mara ya kwanza naiona ile ele. Ilikuwa imesimama pale kama askari wa barabarani.

"Lika!" Violeth akawageukia wenzake. "Jamani, njooni muone shati jipya limeshajitangaza kwamba linalika! Kola imelika kabla haijavaliwa!"

Benchi zima likaangua kicheko. Mmoja akauliza kama suruali zitaitwa Chanika. Mwingine akasema viatu viitwe Toboka. Mimi nimesimama, masikio yanawaka moto, na kichwani simuoni mtu yeyote pale, namuona yule mtamba anapandishwa kwenye lori. Mashati thelathini. Lebo mia tatu. Nikaanza kukunja, nakunja vibaya, biashara imekwisha, narudi Nkoma kushika jembe.

"Wewe dogo, subiri. Nani kakwambia ukunje?"

Alikuwa dereva wa ofisi, mtu mzima, mnene kidogo, jina lake Januarius. Alikuwa bado anatafuna. Akanyoosha mkono, akachukua shati jeupe, akalilaza kwenye goti lake.

"Mnamcheka bure," akawaambia wenzake. "Niangalieni mimi." Akageuza kola ya shati alilovaa. Ilikuwa imeisha, nyuzi zinaning'inia kama ndevu za mbuzi. "Hili nimenunua dukani, Mwanza. Muuzaji kaniapia kwa mama yake kwamba halichakai milele. Miezi mitano! Mimi shingo yangu na jasho langu na kiti cha gari, hakuna kola itakayopona. Zote zinalika. Huyu ni wa kwanza kuniambia ukweli." Akanigeukia. "Swali langu ni moja, dogo. Ikilika nakupata wapi?"

Mimi sijui neno lilitoka wapi. Labda ni kwa sababu kibandani kwa mama Lukresia kila siku naona lundo la mashati ya watu wanaoleta kugeuziwa kola, ile iliyochakaa anaifumua, anaipindua, upande mzima unakuja juu, shati linakuwa jipya.

"Ikilika unaleta," nikasema. "Tunaigeuza. Bure."

Januarius akaacha kutafuna. "Bure?"

"Bure. Ukiona hiyo lebo, kugeuziwa kola bure."

"Rudia, huyu Violeth asikie."

Nikarudia, sauti imekaza kidogo. Violeth alikuwa ameacha kucheka. Akasema mumewe naye anamaliza kola, shingo nene. Januarius akalipa elfu thelathini, akachukua lile jeupe, akalivaa pale pale juu ya fulana ili waone linavyokaa. Linakaa, acheni nijisifu. Mpaka chai inaisha yameondoka mashati saba.

Niliporudi Bariadi furaha ilinifikisha mpaka mlangoni kwa mama Lukresia, pale ikanishuka. Maana nimetoa ahadi ya mikono ya mtu mwingine. Mimi sijui kugeuza kola. Sijui hata kutunga uzi kwenye sindano ya cherehani.

Nikamwambia yote, nimesimama. Akaniambia kaa. Nikakaa, nikamwambia yote tena, pamoja na ele. Akavua miwani, akachukua shati, akasogeza lebo karibu na macho.

"Yesu wangu," akasema. "Na mimi nimezishona thelathini."

Akacheka mpaka akafuta machozi kwa kipande cha kitambaa changu. Alipomaliza akawa siriasi. "Kola moja kuigeuza ni nusu saa yangu, Shija. Nusu saa yangu umeigawa bure Lagangabilili."

"Nisamehe, mayu. Nitakulipa kila moja, nitakata kwenye faida."

"Faida ipi? Wewe una faida?" Akazungusha gurudumu la cherehani kidogo, anafikiri. "Sikiliza. Utakuja hapa kila siku asubuhi. Nitakufundisha kufumua bila kuchana. Kola za hizo lebo zako utageuza mwenyewe, kwenye cherehani yangu ile ya zamani. Na utakuwa umekaa. Nikikukuta umesimama, nakufukuza."

Hivyo ndivyo nilivyojifunza kukaa. Kola ya kwanza niliichana. Ya pili nikaigeuza ikawa imepinda kama mdomo wa mtu mwenye jino. Ya tatu akaiangalia, akaiweka kwenye lundo la kazi zake zilizokamilika. Siku hiyo niliondoka natembea taratibu peke yangu barabarani, nataka ile furaha isimwagike.

Mashati yaliendelea kutoka, mawili, matatu. Watu wa Lagangabilili waliambiana. Mpaka mwezi wa kumi unaisha yalikuwa yamebaki manne. Nikanunua ndama jike mnadani, mweusi, mbavu zinahesabika, lakini jike. Na hela ya kitambaa kipya ikabaki. Nikampeleka Nkoma siku moja kabla mawingu hayajafunga. Mama alipiga kigelegele, akamuuliza ndama kama na yeye anakunywa uji amesimama.

Baba alimzunguka, akampapasa mgongo, akatazama meno. "Kadogo," akasema. Halafu akamfungulia zizi.

Nilikuwa nimemwekea shati. La kaki, saizi yake nilikisia kwa macho. Akanawa mikono kwanza, akalivaa, akafunga vifungo mpaka cha juu. Nikamsimulia habari nzima, lile benchi, kile kicheko, Januarius, na ile herufi. Akavua shati tena, akageuza kola, akaisoma lebo kwa kidole, polepole, mdomo unacheza.

"Lika," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Lika. Watu wa lika moja. Mliokua pamoja." Akainua macho kwangu, amekunja uso kabisa. "Ni jina zuri. Sasa hao wa Lagangabilili walikuwa wanacheka nini?"

Nilitaka kumweleza tena ile ele. Badala yake nikamshikia shati alivae.

"Wabeja, baba," nikamshukuru. "Wabeja sana."

"Wabeja ya nini tena?" akasema, huku anajifunga kile kifungo cha juu.