Ufunguo Shingoni mwa Nyapara

Mjukuu wangu anashona sare za shule kwenye kiwanda kidogo. Nyapara wao, mwanamke mwenye sauti ya kengele, alikuwa akiuvaa ufunguo wa choo shingoni kwa kamba. Ukibanwa, unasimama mbele ya mashine zote unaomba. Akipenda anakupa, asipopenda anakutazama tu.

Sasa tegueni hiki, nimekitunga mwenyewe: wawili wanakaa nyumba moja, mmoja anasema kimbia, mwenzake anasema sisogei. Mmeshindwa? Nipeni mji. Haya, ni tumbo na magoti ya mjukuu wangu. Tumbo lilianza kumkata na kumtoa damu, kisha magoti na vifundo vya miguu vikavimba, ukivigusa vina moto. Nyapara akambandika jina, Bi Mbio.

"Bi Mbio huyo kasimama! Chooni kuna mume wako nini?"

Wenzake walicheka, maana kutocheka kulikuwa na hatari yake.

Siku moja aliomba akanyimwa. "Maliza kola kwanza." Alipokuja kupewa, tumbo halikungoja na magoti hayakumfikisha. Alirudi nyumbani amejifunga kitambaa cha sare kiunoni, jicho kavu. Afadhali angelia.

Nikampeleka hospitali. Daktari alimbonyeza magoti, halafu akaanza kumuuliza habari za choo, mpaka nikadhani kachanganya wagonjwa. Kumbe ana maana yake. Akasema haya si magonjwa mawili. Askari wa mwili, wale wa kutukinga na maradhi, wamegeuka wanaupiga utumbo, na vita hiyo hiyo inaangukia viungo. Akampa dawa, akamkataza vile vidonge vya maumivu alivyokuwa akigawiwa na nyapara ili mashine isisimame, kwani vinaweza kuuchokoza utumbo zaidi. Na choo, akasema, kiwe wazi kwake wakati wowote.

Njiani nikamuuliza, "Unataka nikamwone huyo nyapara, tumwombe?"

"Sitaki kumwomba tena, Bibi. Nataka aumbuke mbele za watu, kama mimi."

Mimi ni mtu wa huruma, waulizeni majirani. Siku hiyo huruma niliisahau kwenye benchi la hospitali.

Washonaji wenzake walipokuja kumjulia hali, hawakuweza kumtazama usoni. Nikawamiminia chai, nikawaambia, "Mlicheka. Sasa lipeni." Tukapanga pale pale.

Siku mwenye kiwanda alipoleta wanunuzi kukagua kazi, mjukuu wangu alikuwa amesharudi kazini, na mashine zilikuwa zinaimba vizuri. Mkata vitambaa akasimama wa kwanza. "Nyapara, naomba ufunguo, nimebanwa!" Kabla hajapewa akasimama wa kola. Akasimama wa vifungo. Safu nzima ikasimama, kila mmoja anapaza sauti, mashine kimya.

Mnunuzi mmoja, mama wa makamo, akashangaa. "Kwani choo mnakifunga?"

"Wavivu hawa, mama," nyapara akasema, jasho linamtoka. "Ukiwaachia wanalala humo."

Hapo mjukuu wangu akainuka, ameshika meza kwa mikono miwili. "Mimi ni mgonjwa wa utumbo na viungo. Mwambie mgeni siku ile nilitokaje humu ndani."

Nyapara akaushika ufunguo kifuani.

"Nionyesheni hicho choo," mnunuzi akasema.

Nyapara akahangaika kuivua kamba. Ikakwama kwenye hereni. Mkata vitambaa akaja na mkasi wake mkubwa, akaikata polepole, watu wote wanatazama. Mshonaji aliyenisimulia alisema nyapara alifumba macho kama kuku. Nilimwomba anisimulie tena.

Kitasa kiling'olewa siku hiyo hiyo, na nyapara akashushwa kwenye mashine ya kushonea mikono ya mashati, mwisho wa safu.

Jioni moja akaja kwetu. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba," nikasema, nikabaki mlangoni.

"Nimekuja kwa mjukuu wako. Akininenea kwa tajiri, nitarudishwa."

Mjukuu wangu akajibu kutoka ndani, "Sisikii, dada. Omba kwa sauti."

Majirani walikuwa uani wanafua. Nyapara akawatazama, akapaza sauti: "Nakuomba unisamehe! Nakuomba unisemee!"

Mikono ikasimama kwenye mabeseni.

"Sasa nimesikia," mjukuu wangu akasema. "Hapana."

Akaondoka akitazama ardhi. Nikaingia ndani. Mjukuu wangu alikuwa amenyoosha miguu juu ya mto, bado imevimba, lakini anatabasamu.

"Bibi, tamu."

"Tafuna polepole, mama. Tumbo lako bado bichi."