Mbwa Wawili wa Nyumba ya Erastus

Nakhumicha alikuwa ameketi mlangoni akichambua mboga Posta alipomrukia Kahora na kumng'ata sikio. Sufuria ya maji ilikuwa karibu, akawamwagia yote. Mbwa waliachana, wakajikung'uta, wakamlowesha yeye kuliko walivyolowa wenyewe, kisha kila mmoja akaenda upande wake wa nyumba akinguruma. Mboga zilikuwa zimetapakaa matopeni. Akaanza kuziokota.

Kahora alikuwa mbwa wa Warigia, mke wa kwanza wa Erastus. Jina lake kwa Kikuyu ni "polepole", na alipewa angali mdogo, kabla tabia yake haijajulikana. Posta alikuja na Nakhumicha, mke wa pili, kutoka Bungoma, alikookotwa nje ya posta. Walisafiri wote wawili kwa gari moshi, daraja la tatu, Posta amefungwa shuka kichwani kama mgonjwa, na abiria walimpisha akakaa dirishani. Walishuka Ruiru wakaenda hadi laini, safu za nyumba za wafanyakazi wa shamba la kahawa, ambako Erastus alikuwa akiendesha mashine ya kumenya. Posta alipoingia ndani alikuta pale penye joto, kando ya jiko, tayari pana mwenyewe. Ugomvi ulianzia hapo.

Warigia alikuwa amekufa mwaka uliotangulia, mwaka wa 1955, wakati wa mvua ndefu. Alizikwa Theta, katika kijiji ambamo serikali iliwakusanya Wakikuyu siku za hali ya hatari na kukizungushia handaki na miti iliyochongwa. Kila jioni, jua likianza kushuka, alitoka huko akaja kumlisha mbwa wake. Alikuja kwa miguu katikati ya mistari ya mibuni, kitambaa kichwani, mkononi irio baridi, mseto wa viazi na mahindi, katika jani la mgomba. Majirani walimsalimia, naye akawaitikia. Mvua ikinyesha alifika amelowa, ikabidi kwanza akaukie motoni. Erastus alimwuliza habari za mama mkwe, akaambiwa magoti bado yanamsumbua, akasema ampelekee pole. Kisha Warigia akamlisha Kahora, akampapasa kichwa, akaondoka mbio. Geti la kijiji lilifungwa jua likizama, na mtu ambaye pasi yake, kibali cha kutembea, imeandikwa Theta sharti alale Theta.

"Huyu mwenzangu hakai hata akanywa chai," Nakhumicha alimwambia mumewe siku ya kwanza alipomwona.

"Hata alipokuwa hai alikuwa mtu wa haraka," Erastus akasema.

Mambo yangeendelea hivyo, mboga zikimwagika na kuokotwa, kama Dalmas asingeingiza mkono. Dalmas alikuwa nyapara wa shamba, mtu wa mwili mkubwa na sauti ndogo, na siku moja alijaribu kuamua vita vya mbwa kwa kuwatenganisha kama watoto wa shule. Kesho yake alikuja mkono umefungwa bendeji.

"Mama, sheria ya shamba ni nyumba moja, mbwa mmoja," alisema. "Nilifumba macho kwa sababu Erastus ni mtu wangu. Sasa nimeng'atwa. Jumamosi ya mwisho wa mwezi Bwana mwenye shamba anapita na bunduki kupiga mbwa wabaya. Akikuta hawa wanapigana, atachagua mwenyewe."

"Atachagua yupi?"

"Yeye huchagua aliye karibu."

"Na Warigia? Yeye hakuna sheria inayomkataa?"

Dalmas alifikiri. "Huyo halali hapa," akasema. "Sheria ni ya wanaolala."

Jioni Nakhumicha alimweleza Erastus, akangoja neno. Erastus alijikuna shingo. "Kahora ni wa marehemu. Posta ni wako. Mimi nikisema, upande wowote nitakuwa nimekosa." Akachukua karai, akaenda kunawa miguu, na alikawia huko kuliko miguu miwili inavyohitaji.

Nakhumicha alibaki amemkumbatia Posta shingoni. Sufuria za nyumba hiyo zilikuwa za Warigia, kitanda kilikuwa cha Warigia, hata msumari wa kutundikia nguo ulipigiliwa na Warigia. Posta peke yake ndiye hakuwahi kuwa wa mtu mwingine. Na bado, kila alipomtazama Kahora akilala pua imeelekea mlangoni tangu asubuhi, akingoja jioni, hakuweza kusema basi, apigwe risasi huyo.

Watu wa laini hawakumnyima ushauri. Aoko wa nyumba ya pili alisema mbwa wafungwe kamba moja mpaka wazoeane. Wakafungwa. Kwa mara ya kwanza walipatana juu ya jambo, nalo lilikuwa kukimbia, wakang'oa kamba za nguo za nyumba zote za upande ule. Mwingine alisema wapakwe pilipili puani. Nakhumicha alikataa, hajaona aliyetulia kwa pilipili.

Akaamua kutumia macho yake. Aliona kwamba kabla ya vita Kahora hukakamaza mkia, naye Posta humkodolea macho bila kupepesa. Basi mkia ukisimama tu, akamwita mmoja kwa sauti nyororo, akampa kazi ya kufuata mfupa nyuma ya nyumba. Aliwalisha mbalimbali, mmoja mbele, mmoja nyuma. Pale penye joto alipaweka kuni, wala hapakuwa tena pa mtu. Siku nzima ilipita bila jino kuonyeshwa. Kisha jua likashuka, Warigia akatokeza kwenye mibuni, na mbwa wakashikana koo.

Kesho yake Nakhumicha alimfunga Posta ndani akaenda kumpokea mke mwenzake njiani.

"Dada, leo usimpe chakula kwanza. Nina neno."

"Sema upesi. Unaliona jua."

"Mbwa wako ataniulia mbwa wangu."

"Wangu? Wako ndiye anaanza. Nimemwona."

"Anaanza kwa sababu yako. Mchana kutwa wametulia. Ukitokeza tu, Kahora anasimama mlangoni kama mwenye nyumba, na Posta anajua hana chake. Hujawahi hata kumtupia jicho."

Warigia alihamisha irio kutoka mkono mmoja hadi mwingine. "Si kwa ubaya," akasema. "Sikutaka kumzoea. Nikimzoea huyo, ni kama nimekubali nyumba ina mtu."

"Nyumba ina mtu," Nakhumicha akasema taratibu. "Anapikia sufuria zako. Na Jumamosi ya mwisho wa mwezi mbwa mmoja atapigwa risasi, hatujui ni wa nani."

"Ngai!" Warigia akasema. Alilikunjua jani la mgomba akagawa irio mafungu mawili. "Haya. Chukua hili umpe wangu. Mimi nipe wako."

Nyumbani Posta akafunguliwa, wakawalisha wakati mmoja, mmoja huku, mwingine kule. Posta aliinusa mikono ya Warigia kwa muda mrefu, kisha akala mpaka jani likatoboka. Kahora alikula akimtazama Nakhumicha kwa pembe ya jicho, kama mtu anayepokea zawadi kwa shemeji asiyempenda. Hakuna aliyenguruma.

"Sasa watembezwe," Warigia akasema, akijifunga kitambaa vizuri. "Baba yangu alikuwa na madume mawili ya ng'ombe yaliyochukiana. Aliyaswaga njia moja, yote yakitazama mbele, hadi yakasahau kutazamana. Nisindikize."

Tangu siku hiyo walisindikizana. Siku za kwanza wanawake walitembea katikati, kila mmoja na mbwa wake upande wa nje. Baadaye wakabadilishana mbwa. Halafu mbwa mmoja akawekwa katikati, kisha wote wawili, bega kwa bega, na wanawake nje. Kamba zilipolegea hakuna aliyeona. Mara Posta alikojolea mbuni, Kahora akakojolea papo hapo, wakaendelea na safari kama marafiki waliotia sahihi mapatano.

Njiani waliongea. Warigia alimweleza kwamba Erastus huficha chumvi akidhani inamdhuru, na kwamba mlango wa nyuma haufungi mpaka uuinue kidogo. Nakhumicha naye alimwuliza kilichomuua, maana Erastus hajawahi kumaliza kusimulia.

"Nilikwenda Theta kumwona mama, nikiwa na mimba ya miezi saba. Tumbo likanishika wakati wa magharibi," Warigia alisema, akiruka kidimbwi. "Hospitali iko Thika. Gari lilipatikana. Geti ndilo lilikataa."

Walipofika getini, Muigai, askari wa kijiji, alitoka kwenye kibanda chake. Alikuwa kijana mwembamba aliyevaa koti kubwa kuliko yeye. Alichukua pasi ya Warigia, akaitazama mbele na nyuma, akairudisha. Akamtazama Nakhumicha.

"Mimi ni Mbukusu," Nakhumicha akasema.

"Basi wewe huhitaji pasi, hiyo ni ya Wakikuyu. Na mbwa?"

"Mbwa hawana pasi."

Muigai alifikiri jambo hilo, akaona halimo katika amri zake, akawaacha. Warigia akaingia. Geti likafungwa.

Jumamosi hiyo ilipofika, Bwana alipita na bunduki begani, Dalmas nyuma yake. Posta na Kahora walikuwa wamelala mbele ya nyumba, mgongo kwa mgongo, mguu wa mmoja juu ya mkia wa mwenziwe. Bwana aliuliza mbwa wakali wako wapi. Dalmas aliutazama mkono wake wenye bendeji, akawatazama mbwa, akamtazama Nakhumicha.

"Walihama," akasema.

Bwana akaenda nyumba nyingine. Nakhumicha aliketi chini pale pale, na mbwa wote wawili wakaja kumlamba uso. Erastus alitokea nyuma ya nyumba akasema, "Nilijua tu."

Siku hiyo Nakhumicha aliamua kuchinja kuku. Si haki, alisema, mtu aokoe mbwa wa nyumba kisha asikae hata akala. Erastus akatengeneza stuli iliyovunjika mguu, akaiweka karibu na jiko. Kilichobaki kilikuwa ruhusa. Jioni, Warigia alipokwisha kuingia, Nakhumicha hakuondoka getini.

"Baba," alimwambia Muigai, "kesho mwache achelewe kidogo. Ale nasi tu, nitamrudisha mwenyewe."

"Jua likizama nafunga."

"Lakini amekufa. Atadhuru nani?"

"Sikuambiwa wafu wana kafyu yao." Muigai hakusema kwa ukali. Alionekana kama mtu aliyekwisha kuulizwa hivyo na wengine.

"Na mtu akiugua humu ndani usiku huu?"

Muigai alivuta kola ya koti lake kubwa. Warigia alikuwa amesimama upande wa pili wa geti, amefunga mikono kifuani, akisikiliza.

"Nafungua asubuhi," Muigai akasema.

"Ndivyo ulivyoniambia mimi," Warigia akasema, bila hasira, kama jirani anayemkumbusha mwenziwe siku ya soko. "Ni kweli, ulifungua."

Muigai alitazama chini. Kisha akavuta mnyororo, akaufunga.

Basi Jumapili Nakhumicha alipika mapema. Kuku alibebwa ndani ya sufuria hadi Theta, Erastus akiwa na stuli kichwani, mbwa mbele bila kamba. Warigia akatoka getini, na mama yake nyuma akichechemea. Wakaketi kando ya handaki wakala. Warigia alimsifu Nakhumicha kwa mchuzi, akasema tu chumvi imepungua, na wanawake wote watatu wakamtazama Erastus. Kahora na Posta waligawana mifupa bila neno. Muigai alipewa paja, akala akiwa amesimama, akashukuru kwa adabu. Jua lilipogusa miti akanawa mikono, akawahesabu walio wake, akafunga geti.