Vipimo vya Mkasi

Jamani, Mkasi katembea! Hatua nne, nimezihesabu, ya tano akaangukia pua. Nilipiga kelele mpaka mama akajichoma sindano.

Ngoja nianze mwanzo, maana nikifurahi naongea kinyumenyume. Mkasi ni mtoto wa paka wa dada yangu. Dada yuko nchi ya mbali anafua mashuka ya hoteli, mwaka wa tatu sasa, na paka wake alituachia sisi. Wiki tano zilizopita huyo paka akazaa ndani ya kapu la vitambaa vya mama, ambaye ni fundi cherehani. Watoto watatu. Wawili wazima kabisa, wa tatu miguu ya mbele imejikunja kwa ndani, imepishana kama mkasi. Jina likaja lenyewe.

Mama alimgeuzageuza, akasema, "Aliyemkata huyu alikuwa na haraka."

Nikampigia dada kwa video. Akamwangalia, akasema, "Mdogo wangu, huyo usimwache. Mwezi ujao napata likizo. Nataka anipokee mlangoni kwa miguu yake."

Mwezi ujao! Miaka yote hiyo nasubiri kusikia hilo tu. Kuanzia siku ile, kila nikimshika Mkasi naona kama namvuta dada.

Daktari wa mifugo akasema mifupa haina neno, ila misuli imekaza. Nimkande mara nne kwa siku, nimfunge kitu kigumu lakini chepesi cha kumnyoosha. Mama akachukua kile kitambaa kigumu cha ndani ya kola, akashona vimikono viwili vizuri ajabu, na vishikizo juu. Tukamvisha. Kufika jioni vimechomoka vyote, Mkasi kavilalia. Kesho yake vilevile. Kumbe mama, na miaka yake ishirini ya kushona sare za shule, kaviacha vikubwa ili mtoto akue navyo!

"Mama, huyu haendi darasa la kwanza."

"Wewe na chuo chako nyamaza. Mtoto hashonewi nguo ya kumbana."

Ikabidi daktari amwambie mwenyewe kwenye simu: vimbane, na apimwe upya kila siku mbili. Basi kila siku mbili mama na futi yake shingoni, anamnyoosha Mkasi mezani, anaandika kwenye daftari la wateja: kulia, kushoto, unene. Kwenye daftari hilohilo kuna ukurasa wa vipimo vya dada, vya kabla hajaondoka. Kwa vipimo hivyo mama alishaanza kumshonea gauni la kupokelewa.

Wiki iliyopita dada akapiga simu. Likizo imefutwa, wenzake wawili wameacha kazi. Labda mwakani. Nikasema, "Haya dada," kwa sauti ambayo hata sikuijua. Mama akakanyaga cherehani bila uzi. Mimi nikaendelea kumkanda Mkasi, sijui kwa ajili ya nani.

Halafu leo mchana, kutoka kwenye mguu wa cherehani kuelekea mlangoni, hatua nne! Nikarekodi alipojaribu tena, nikamtumia dada. Akapiga hapohapo, anacheka, kamasi zinamtoka. Mama akaninyang'anya simu.

"Mwanangu, una futi hapo?"

"Sina, mama. Ya nini?"

"Tafuta chochote kirefu. Paka nampima kila siku mbili, wewe nina vipimo vya miaka mitatu."

Dada akachomoa waya wa chaja, akajizungushia kiunoni, akabana kwa vidole, akatuonyesha kipande kilichobaki. Chaja yetu ni sawa na yake, alinunua mbili akatutumia moja. Mama akainyoosha mezani, akaweka kidole mahali palepale, akalaza futi pembeni yake. Kisha akafungua daftari kwenye ukurasa wa dada.

"Umepungua."

"Kidogo tu, mama."

"Kidogo gani? Inchi tatu!"

Dada akasema anaitwa kazini, akakata. Mama akafumua gauni lote, akalipunguza kwa vipimo vipya. Mkasi alikuwa ameketi mlangoni, vimikono vyake vimesimama wima, anaangalia nje. Nilipoligeuza gauni ndani nje nikaona pembeni mama kaacha nafasi kubwa ya mshono, ya kulipanua tena, inchi tatu nzima, na safari hii sikumcheka.