Chakula cha Kupeleka Kisiwani

Mama yeyote ambaye mtoto wake yuko mbali, asome hii kabla hajawasha jiko.

Mwanne wa Ngagara, mtaa wa Bujumbura, karitiye ya tano, alitumiwa picha na binti yake Assia aliyeko Halifax, kule Canada. Ilikuwa saa kumi jioni. Assia amesimama nyuma ya nondo nene, ukuta wa mawe mgongoni. Chini ameandika: "Mama, angalia nilipo. Ni ngome ya zamani, kisiwani, katikati ya bandari. Nitakuwa hapa mpaka mwezi wa kenda. Chakula ni mikate baridi tu, mm!"

Mwanne aliisoma mara tatu, na kila mara mtoto alizidi kufungwa. Bandari anayoijua yeye ni ya Bujumbura: makontena, wabebaji mizigo, meli za Kigoma, na viboko wakiamua kupita. Mtu akijenga jumba la mawe katikati ya maji, basi kuna watu anaowaficha humo. Tena mpaka mwezi wa kenda! Hukumu imeshatoka, na mama hata hakuitwa kusikiliza.

Kuuliza? Mwanamke aliyemaliza darasa la sita anajua kwamba simu ya mfungwa inasomwa na askari. Akaandika kwa akili nyingi: "Mungu yupo, mwanangu. Usiseme kitu." Assia akamrudishia kamoyo kekundu. Mwanne akalia: hata kuandika wamemkataza!

Kwetu mtu akifungwa, ndugu zake wanagemura, wanampelekea chakula mpaka siku atakayotoka. Asiyegemuriwa watu wanamhesabu hana kwao. Kwa hiyo kesho yake asubuhi Mwanne alikuwa anakaanga ndagala, dagaa wa ziwa letu, sufuria mbili, na kifuko cha unga wa muhogo kimeshafungwa. Libère, jamaa mmoja wa mtaa wa Gihosha, alikuwa anapanda ndege Alhamisi kwenda huko huko Canada. Canada ni kubwa kiasi gani, hilo Mwanne hakuliuliza pia.

Ndipo Sheikha akabisha hodi. Sheikha ana duka la vitambaa mjini, na mwanawe Moosa ndiye mchumba wa Assia. Alikuja kupanga mambo ya nikaha, maana siku ilishawekwa.

"Mwanne, ndagala zote hizi! Kuna wageni?"

"Apana, dada. Zinasafiri."

"Zinaenda wapi?"

Hapo Mwanne angeweza kusema neno lolote. Angesema sokoni. Angesema kwa shangazi. Lakini kinywa chake hakijawahi kumngoja.

"Zinaenda gerezani. Assia amefungwa."

Sheikha aliweka chini polepole kikombe cha chai aliyokaribishwa. "Amefanya nini?"

"Sijui."

"Hujui! Na unapika?"

"Njaa haingoji kesi, dada."

"Basi na nikaha ingoje," Sheikha akasema, akajitanda mtandio wake. "Mi siwezi kumuoza mutoto yangu kwa mutu ambaye hata mama yake hajui ameiba nini."

Hakuna aliyekuwa ametaja wizi. Lakini Mwanne mwenyewe ndiye aliyefungua mlango huo, akauacha wazi. Binti ameposwa miaka miwili, na mama anavunja kwa sentensi moja, mwiko ukiwa mkononi! Alikaa kwenye kigoda hadi ndagala za sufuria ya pili zikaungua.

Jioni Moosa akaja mwenyewe. Hakukaa. Alifungua simu, na ndani yake Assia anatembea kwenye njia ya chini ya ardhi, kofia ya kazi kichwani, watu wazima kumi wanamfuata kama wanafunzi.

"Mama, Assia ni kiongozi wa watalii. Zamani askari walikaa pale na mizinga, wakilinda mji. Sasa ni watu wa kutembea tu. Baridi ikirudi wanafunga. Mi najua tangu alipoomba hiyo kazi."

"Na mi kwa nini hamkuniambia?"

Moosa akakuna shingo. "Alisema ukisikia kisiwa, utamuona amezama."

Mwanne alitaka kubisha. Kumbe ni kweli, angemzamisha siku hiyohiyo, na matanga angeweka.

"Na nikaha?"

"Nimemuambia mama siku ibaki ileile. Amekubali. Lakini anacheka mpaka sasa, na duka lilikuwa limejaa watu, wote wamesikia."

Ndoa ilipona, alhamdulillahi. Ila siku hizi habari za Assia zinafika kwanza kwa Moosa, kisha kwa Sheikha. Juzi Mwanne alikuwa anachagua lengalenga sokoni, Sheikha akamgusa bega.

"Na jino la Assia? Pamepoa baada ya kung'olewa?"

"Pamepoa," Mwanne akajibu haraka, akainamia mboga, kwa sababu hiyo ndiyo mara ya kwanza kusikia kwamba mtoto wake aliumwa jino.