Vimekauka

Fundi Soli alikuwa na maneno yake mawili ya kazi, na kwa miaka thelathini hayakuwahi kumtia matatani. Kiatu kilichopakwa gundi, kikabanwa, kikashika, alikiita kimekauka. Kiatu kilichopigwa uzi kuzunguka soli nzima, kikafungwa fundo na kukatwa ncha, alikiita kimekwisha. Kati ya kukauka na kwisha palikuwa na saa tatu za kazi ya mkono, na mtu yeyote aliyekaa bandani kwake siku mbili alilijua hilo. Bahati mbaya mkewe hakuwahi kukaa hata robo saa. Harufu ya gundi ilimuumiza kichwa.

Jumatatu ile asubuhi mkewe alichungulia dirishani, mtandio puani.

"Baba Kitinda, viatu vya mwanao vipi?"

"Vimekauka," akajibu Fundi. Angeweza kueleza zaidi, lakini midomo yake ilikuwa imebana misumari minne. Mkewe alipoondoka akaitema, akavaa kofia na kwenda dukani kununua uzi wa nta, maana aliokuwa nao usingetosha hata kiatu kimoja. Haraka ya nini? Safari ya Kitinda ilikuwa kesho.

Aliporudi saa nane mchana, baada ya kuzunguka maduka mengi, ubao wa kubania viatu ulikuwa mtupu.

"Nimempelekea," mkewe akamwambia, anamenya vitunguu bila wasiwasi wowote. "Amepiga simu, safari imesogezwa kwa sababu ya hali ya hewa. Wameondoka saa sita."

"Nani kakwambia vimekwisha?"

"Wewe."

"Mimi nimesema vimekauka."

"Sasa hapo tofauti iko wapi?"

Fundi alitaka kumjibu, akakuta mdomo umekauka na wenyewe. Akavuta kigoda akakaa.

Kitinda alikuwa mtoto wao wa mwisho, msichana wa miaka ishirini na minne, kichwa kigumu tangu tumboni. Miaka mitatu alikuwa amebeba mizigo na kupika chai mlimani kwa kampuni ya wapanda milima. Safari hii ndiyo ya kwanza kupewa aongoze mwenyewe: wageni sita, siku tano, kupita msituni, kando ya maziwa mawili, kisha kuvuka barafu iliyolala juu kabisa na kushukia upande wa pili. Akiwavusha salama, anapewa beji ya kiongozi. Na viatu vyake vya barafuni, soli mpya, vilikuwa vimeshikwa na gundi tu.

Fundi aliijua gundi ile kama anavyojua mfuko wake. Mjini inavumilia miezi. Kwenye baridi kali inakuwa ngumu kama ukucha, halafu inapasuka. Na kule juu watu hufunga chini ya viatu vyuma vyenye meno ili wasiteleze. Kila hatua meno yanauma barafu na kuvuta soli. Soli ikibaki na meno, mtu anakwenda na maji, na barafu ile ina nyufa za kumeza nyumba. Fundi mwenyewe hakuwahi kupanda mlima ule. Yote hayo alisimuliwa na wateja wanaosubiri viatu, watu wanaopenda kutia chumvi. Siku hiyo aliyaamini yote bila kupunguza hata moja.

Simu ya Kitinda haikupatikana. Akaenda ofisini kwao mguu niponye. Karani, binti mpole aliyechomeka kalamu kwenye nywele, akamwambia redio ya kibanda cha juu, wanakolala usiku wa kuamkia barafu, ina wiki haisemi.

"Ila mzee, kesho alfajiri kuna mpagazi anapandisha mafuta ya taa mpaka huko juu. Mpe ujumbe."

"Ujumbe ndio ulionifikisha hapa," akasema Fundi. "Nitakwenda mwenyewe."

Karani akamtazama tumbo, akamtazama viatu, kisha kwa adabu akatazama makaratasi yake.

Faraja ilikuwa moja tu. Siku tatu za kwanza Kitinda huvaa raba nyepesi; vile viatu vizito hukaa kwenye mzigo mpaka asubuhi ya barafu. Kwa hiyo Fundi alikuwa na muda mpaka Alhamisi kunapokucha.

Akafunga uzi, kipande cha nta, sindano mbili na msharasi wa kutobolea ngozi. Msharasi mdogo, wenye mpini uliopasuka. Ule mzuri, alioachiwa na fundi aliyemfunza kazi, ulipotea miezi minane iliyopita, siku ambayo fundi saa wa banda la jirani alikuja kuazima koleo. Fundi Soli alijumlisha mbili na mbili akapata nne, na tangu hapo hawakusalimiana. Wanafungua milango asubuhi kila mtu anatazama kufuli lake.

"Una miaka hamsini na tisa," mkewe akasema, huku akimkunjia koti. "Ukipanda ngazi za ghorofa tu unapumzika mara mbili."

"Nitapumzika mara nyingi."

Mkewe akaweka mayai ya kuchemsha kwenye mfuko, kisha mabega yakaanza kumtikisika. "Mimi ndiye niliyempelekea kwa mikono yangu."

"Wewe ulisikia nilichosema. Mimi ndiye niliyesema na misumari mdomoni." Hakuwa mtu wa kubembeleza, lakini alimshika bega akakaa nalo mpaka likatulia.

Mpagazi walimwita Kobe. Alitembea taratibu, galoni mgongoni, na hakuna mtu aliyewahi kumpita. Jumanne nzima Fundi alifuata visigino vyake msituni, kwenye matope na mizizi, akihema kama mvukuto. Aliyekwisha kushona nusu ya viatu vinavyopanda mlima ule alikuwa amevaa vya kwendea benki. Kufika jioni kwenye kambi ya msituni, soli ya kushoto ilikuwa imeachama mbele. Akaifunga kwa waya mwekundu alioupata jikoni, akajitia haoni Kobe anavyobana kicheko.

Jumatano waliamka kabla ya jua, maana iliwabidi watembee siku mbili za wageni kwa siku moja. Ziwa la kwanza lilimsimamisha. Maji meusi, hayatikisiki, milima imeinamia humo kichwa chini. Kila siku ya maisha yake aliuona mlima huu nyuma ya kituo cha mafuta, na haukuwahi kumwambia kwamba umeficha ziwa.

"Fundi, twende," akasema Kobe. "Ziwa halikimbii."

Lakini Fundi alikuwa ameinama kwenye tope la ukingoni, anasoma. Hiki ndicho kitabu chake. Hii soli ya mistari niliiweka mwaka juzi, ya yule mgeni mrefu arudiye kila mwaka. Hii kisigino kimelika upande, mwenyewe anatembea kwa kuringa. Na hii hapa, ndogo, yenye kiraka cha pembe tatu: raba ya Kitinda. Alimfundisha mchezo huo akiwa na miaka sita, kutambua wateja kwa nyayo kwenye vumbi la mlangoni. Roho ikamtulia kidogo. Bado alikuwa amevaa raba.

Wakapanda kwenye mawe makubwa, baridi ikaanza kuuma masikio. Ziwa la pili lilikuwa la kijani, na vipande vya barafu vinaelea humo polepole. Juu yake njia ilikatiza uwanja wa theluji, theluji ambayo Kobe alisema haikuwepo wiki iliyopita. Fundi akatafuta kiraka cha pembe tatu. Akatafuta tena. Hakikuwepo. Kilichokuwepo ni soli nzito, mpya, yenye meno mapana ya mpira, aliyoikata kwa kisu chake mwenyewe.

Amevivaa. Kwa ajili ya theluji hii amevivaa mapema, na saa hizi anatembea na gundi peke yake.

Hapo Fundi akasahau miaka yake. Alimpita Kobe, jambo ambalo Kobe alilisimulia mwaka mzima. Aliteleza, akaanguka, akainuka na theluji kwenye ndevu, macho hayatoki kwenye zile nyayo: kushoto ipo, kulia ipo, kushoto ipo, kulia ipo. Kila hatua alitegemea kuona soli imelala peke yake njiani kama ulimi.

Kibanda cha juu kilitokea ghafla nyuma ya mwamba, na barafu nyuma yake, pana, nyeupe yenye mistari ya buluu, inameremeta kwa jua la jioni. Wageni walikuwa nje, wanakunywa chai. Kitinda alikuwa amesimama kwenye ngazi, anamfokea mtu kuhusu kamba. Akageuka.

"Baba?" Kikombe cha chai kikamtoka mkononi. "Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Vua viatu."

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Vua viatu."

Akakaa ngazini akavua. Fundi akakinyakua cha kulia, akakigeuza, akaweka kidole gumba kwenye ukingo wa soli kuvuta. Soli haikucheza. Uzi ulikuwa umepita kuzunguka kiatu kizima, mishono midogo iliyolingana, mpaka kisiginoni ulikofungwa fundo mara mbili na kuzamishwa ndani, vile anavyofanya yeye na si fundi mwingine yeyote mjini. Akachukua cha kushoto. Vilevile.

"Nani kashona?"

"Mimi. Jumatatu, kambi ya msituni, tulipofika."

"Mama yako si alikwambia vimekwisha?"

"Mama alisema, 'Baba yako kasema vimekauka.' Nikajua kazi haijaisha." Akamtazama kwa mshangao. "Ndicho kilichokuleta huku? Baba, nimekulia chini ya meza yako. Kwani hukuona alama za uzi kule kwenye theluji? Zinazunguka unyayo wote."

Hakuziona. Kilomita nzima alikodolea macho nyayo zile akitazama kama baba, na hata mara moja hakutazama kama fundi.

"Umeshona kwa kifaa gani?" akauliza.

Kitinda akasita. Kisha akaingiza mkono kwenye mfuko wa begi, akatoa kitu kilichoviringishwa kitambaa. Msharasi. Ule mzuri, mpini mweusi, wenye kishimo kilicholiwa na vidole gumba vya mafundi wawili.

"Nilitaka kitu chako cha kupandia nacho," akasema. "Ningekuomba ungeninunulia mpya, na mimi sikutaka mpya."

"Miezi minane sijamsalimia fundi saa."

"Najua. Kila siku nilisema leo nitakwambia. Nikaogopa."

Fundi alifungua mdomo amkaripie. Maneno alikuwa nayo, alikuwa ameyapanga kwa ajili ya fundi saa na yangemfaa mtu yeyote. Badala yake akavikumbatia viatu. Akakaa ngazini, viatu kifuani, akalia mbele ya wageni sita, kwa sauti, bila kujali. Alilia mpaka uzito wote aliopanda nao ukamtoka. Mgeni mrefu akauliza kuna nini. Kobe, aliyefika wakati huo, akamweleza kwamba huyo ndiye fundi wa viatu, amekuja kukagua kazi.

Alipotulia, Kitinda alikuwa amechuchumaa mbele yake, anatazama waya mwekundu.

"Na hivi je?"

"Hivyo ni vya mjini."

"Vua."

Akavua. Mwanawe akamwekea blanketi miguuni, akatoboa ngozi, akavuta uzi. Fundi akajaribu kumwelekeza mara moja, "Kaza hapo," akakuta ameshakaza. Akanywa chai, na chai ile, iliyopoa na kunukia moshi, ilimshukia vizuri kuliko kitu chochote alichokunywa mwaka huo.

Alhamisi kulipokucha alivuta soli zile kwa kidole gumba mara ya mwisho. Kitinda akamwachia, hakucheka. Akafunga meno ya chuma, akawafunga wageni kamba moja, akatangulia. Fundi na Kobe walisimama mlangoni wakitazama nukta saba zikitambaa juu ya weupe. Mara zinasimama, ya mbele inagonga barafu kwa fimbo, inazunguka ufa, zinaendelea. Fundi aliomba dua zote anazozijua, akazirudia. Jua lilipokuwa limepanda kiasi, nukta ya mbele ilifika kwenye mawe ya upande wa pili. Zikawa mbili, nne, sita, saba. Ya kwanza ikainua mikono yote miwili.

"Wamevuka," akasema Kobe.

Fundi alishusha pumzi aliyoishika tangu Jumatatu.

Walishuka siku mbili bila haraka. Langoni, mtandao uliporudi, simu ililia kabla hajaitoa mfukoni.

"Baba Kitinda? Niambie. Mwanangu vipi?"

Fundi alihakikisha kwanza hana kitu mdomoni.

"Vimekwisha," akasema. "Alivimalizia mwenyewe. Kavuka."

Alimsikia mkewe akivuta kamasi.

"Hiyo 'vimekwisha' ni ya watu, au ya bandani?"

Fundi akacheka mpaka Kobe akageuka.

"Ya wote, Mama Kitinda. Mtoto mzima, viatu vizima. Sasa nifanyie jambo moja. Toka hapo nje, mwambie fundi saa asifunge banda mapema. Nina salamu zake za miezi minane."