Kobe Ndani ya Kompyuta

Mimi nikigusa kompyuta iliyokufa, inafufuka na kuomba radhi kwa kuchelewa. Hivyo ndivyo nilivyomwambia Mama Ijumaa ile, nimesimama katikati ya sebule na bisibisi mkononi kama daktari anayeingia chumba cha upasuaji.

"Baada ya leo, Mzee akiwaza tu neno, kioo kitakuwa kimeshaliandika."

Mama alikuwa anakunja shuka za Baba. Hakuinua macho. "Fanya ufanyavyo, lakini Jumapili niikute inafanya kazi. Sikuombi zaidi ya hapo."

"Mama, unaongea na mtaalamu."

"Naongea na Redio," akasema.

Redio ni jina alilonipa Baba, kwa kuwa naongea hata pasipo msikilizaji. Kabla hajaugua, Baba alikuwa msahihishaji katika kiwanda cha kuchapa vitabu. Kazi yake ilikuwa kusoma kila ukurasa kabla haujaingia mashineni, kalamu nyekundu mkononi, akiwinda herufi iliyozidi na nukta iliyopotea. Kazi hiyo ilimfuata mpaka nyumbani. Nikisema mezani kwamba nimefunga mabao manne, yeye aliweka kijiko chini polepole na kutamka neno moja: "Sahihisho." Kisha akaongeza: "Bao moja. Na lilikuwa la kujifunga." Meza nzima ikaangua kicheko, nami nikiwa wa kwanza.

Halafu kikaja kiharusi. Kilichukua mkono wa kulia, mguu wa kulia, na ulimi wote. Kikamwachia macho makali yaleyale na kidole kimoja cha mkono wa kushoto. Tangu hapo nikawa nadanganya mezani nipendavyo, hakuna wa kunizuia, na nikagundua kwamba uongo usiosahihishwa hauna ladha.

Aliyebaki kumsemea Baba ni kompyuta ya nyumbani. Ilikuwa kuukuu, kasha lake limegeuka rangi ya meno ya mvuta sigara. Ukiiwasha asubuhi, unakwenda kuoga, unarudi, unavaa na viatu, bado inakukaribisha. Dada yangu, kabla hajaondoka kwenda kazini mji wa mbali, aliweka ubao juu ya mikono ya kiti cha Baba, juu ya ubao akaweka kibodi, na kioo akakiinua usawa wa macho yake. Baba akibonyeza herufi, herufi inakwenda zake huko ndani kama mtu anayepanda mlima na mzigo, hatimaye inatokeza. *Maji. Dirisha. Mgongo.* Kwa haja zake ilitosha. Kwa mazungumzo haikutosha. Mpaka jibu lake limalizike kuandikwa, sisi tulikuwa tumeshahamia habari nyingine, yeye amebaki peke yake na neno lake kwenye kioo.

Ndivyo ilivyomponza siku ile Baba Mkubwa alipokuja kumwona. Baba Mkubwa ni dereva mstaafu wa malori ya masafa marefu, mtu ambaye maisha yake yote hakuwahi kusubiri kitu ila pancha izibwe. Alimwinamia mdogo wake, akamuuliza, "Unanijua mimi ni nani?" Baba akaanza kubonyeza. Kioo kikakaa kitupu. Ikatokea *w*, kisha kimya. Baba Mkubwa akasimama, macho yamelowa, akamvuta Mama ukumbini.

"Shemeji, mdogo wangu hayupo tena pale. Kimebaki kiwiliwili. Na wewe unaisha naye. Nyumba yangu ni kubwa, ina watu wa kumnyanyua. Nitakuja kumchukua."

Alipokwisha kuondoka, kioo kikamaliza sentensi: *wewe ni kaka yangu usiyejua kusubiri*. Mama aliisoma kwa sauti, akiuelekea mlango uliokwisha fungwa.

Baba hakutaka kuhamishwa. Aliandika hivyo, ikamchukua asubuhi nzima: *nataka kufia kwenye vitabu vyangu*. Mama akampigia simu shemeji yake, wakabishana, mwisho wakapatana. Baba Mkubwa angekuja Jumapili kumuuliza mwenyewe. Akijibu, anabaki. Asipojibu, gari litakuwa mlangoni. Na Baba Mkubwa ni mtu wa kauli moja.

Ndiyo maana nilishika bisibisi.

Nililifungua kasha nikakuta vumbi la kujaza mto. Nikalitoa kwa brashi ya rangi, nikasafisha feni mpaka ikazunguka bila kukoroma. Kisha nikaingia ndani kwenyewe, kwenye vitu vinavyoamka kila kompyuta inapoamka. Lo! Kulikuwa na msafara. Michezo ya utotoni mwangu, programu ya printa iliyokwisha uzwa chuma chakavu, kalenda inayokumbusha miadi ya watu waliokwisha hama mtaa. Wote wanaamka pamoja, wote wanagombania mlango mmoja. Nikawafukuza mmoja mmoja. Na katikati yao, kamejificha, nikakuta kapicha kadogo ka kobe, alama ya programu nisiyoijua.

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. "Mzee, umeona? Kobe! Tunamfuga kobe humu ndani, halafu tunashangaa kompyuta inatambaa!"

Baba alikuwa kitini pake, karibu nami. "Mmm," akasema. Sauti ndiyo hiyo moja aliyonayo.

"Tulia, Mzee, mchawi nimeshamkamata."

"Mmm! Mmm!" Akapiga mkono wa kiti kwa kiganja cha kushoto.

Nikamfuta kobe. Nikamwaga na pipa la taka lote, asije akafufuka. Baba akazidi kupiga kiti. Mimi nikadhani ananishangilia, nikasimama nikamwinamia kama mchezaji aliyetoka kufunga bao.

Nikaizima, nikaiwasha. Mama alikuwa ndiyo kwanza aweke sufuria jikoni, maji hayajapata hata moto, kompyuta imeshaamka na inakodoa macho. Alikuja akasimama mlangoni na kitambaa mkononi, akatabasamu, kitu ambacho sikuwa nimekiona kwa muda. "Kumbe redio nayo hutengeneza," akasema, akarudi jikoni.

Nikamsogezea Baba ubao. "Haya, Mzee. Bismillahi. Lolote."

Kidole chake kikashuka kwenye herufi. Kioo kikaandika:

*mmmmmmmmmmmaaaaaaaaajjjjjjjjjiiiiii*

"Eh! Mzee anaimba!" nikasema, nikacheka.

Baba hakucheka. Alinitazama kwa lile jicho la kalamu nyekundu. Kisha akauondoa mkono wake kwenye kibodi, akauweka mapajani, akaufunika kwa shuka kwa kutumia mkono huohuo, taabu tupu.

Jumamosi nilimwambia Mama ni vumbi la kibodi. Niliigeuza kichwa chini nikaikung'uta, makombo ya miaka yakamwagika, herufi zikaendelea kujirudia vilevile. Nikapekua mipangilio yote, nikapata kila kitu isipokuwa nilichokitafuta. Nikamtumia Dada ujumbe, wa kijanja, kama wa mtu asiye na shida: *Hivi yule kobe alikuwa wa nini? Nauliza tu.* Hakujibu. Yuko zamu, nikajipa moyo. Ningeweza kumpigia nikamweleza yaliyotokea. Lakini Dada akikupata na kosa, hulitunza kama kito, huja nalo hata siku ya harusi yako.

"Imepona?" Mama akauliza kila alipopita.

"Inapumzika."

Alasiri nikakaa na Baba, nikamshika kile kidole. "Gusa uachie upesi, Baba. Kama unagusa pasi ya moto. Hivi. Gusa, achia."

Alijaribu. Ndipo nikaona kitu ambacho miezi yote hiyo nilikitazama nisikione. Kidole chake hakigusi. Kinaanguka. Mkono mzima unaanguka juu ya ile herufi, na kuunyanyua tena ni kama mtu anayechomoa mguu wake kwenye tope. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso. Kioo kikajaa herufi moja, mstari baada ya mstari. Nilipomfuta jasho alifumba macho, na sikupata mzaha wowote wa kusema. Nilitafuta. Haukuwepo.

Jumapili Mama alimnyoa Baba ndevu, akamvalisha shati lake la kazini lenye mfuko wa kalamu. Chini ya meza niliona begi. Shuka zilizokunjwa Ijumaa zilikuwa zimo ndani yake.

Tukasikia gari. Injini haikuzimwa, ikabaki inaunguruma mlangoni. Kupitia dirishani niliona kiti cha nyuma kimelazwa, juu yake godoro. Wakati huohuo simu ikatetemeka mfukoni mwangu. Dada: *Kobe ndiye anayezuia herufi isijirudie Baba akichelewa kuinua kidole. Nilimchora mwenyewe. USIMGUSE!*

"Shikamoo, Baba Mkubwa."

"Marahaba, Redio. Leo mbona masafa yako yako chini?"

Alivua kofia, akavuta kigoda, akakaa uso kwa uso na mdogo wake. Magoti yao yaligusana. Walikuwa wanafanana kuliko siku zote, mmoja kama picha ya mwenzake iliyonyeshewa mvua.

"Mdogo wangu," akasema taratibu, "sikuja kukulazimisha. Nataka kauli yako. Unabaki hapa, au twende?"

Baba akaitazama kibodi. Mkono haukutoka chini ya shuka.

Nilijua sababu. Mtu aliyeishi maisha yake yote kwa kufuta herufi zilizozidi, asingeweza kuzimwaga mbele ya kaka yake. Afadhali ukurasa mtupu.

Na lazima niseme haki: safari hii Baba Mkubwa alisubiri. Aliizungusha kofia mikononi, akaizungusha tena. Nje injini ikaunguruma. Alimshika Baba goti, akaliminya. Mwishowe akageuka.

"Shemeji..."

"Alikuwa anaandika," Mama akasema. Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Juzi tu aliandika. Nilisoma kwa macho yangu. Redio, mwambie."

Wote wakanigeukia. Hapo ningesema kweli, mambo yakaisha. Lakini ulimi wangu haujazoea njia hiyo, ulikata kona wenyewe.

"Kosa si la Mzee, Baba Mkubwa, ni mashine. Juzi umeme ulikatika, ukarudi na nguvu za ajabu, ukachoma kitu huko ndani. Mimi nilipangusa vumbi tu. Humo ndani sikufuta kitu, haki ya nani tena, hata nukta."

Shuka ikasogea.

Mkono wa kushoto ukatoka, ukapanda juu ya ubao, ukaanguka. Ukainuka, ukaanguka. Na kompyuta, ambayo sasa ilikuwa na mbio za swala, haikumchelewesha hata kidogo. Kila alipoangukia, herufi zilimwagika papo hapo:

*sssssssaaaaaahhhhiiiiiiiihhhhhiiiiiissssssshhhhhhoooooo*

Baba Mkubwa akasogeza uso. Akaweka kidole kwenye kioo, akasoma kama mtoto wa darasa la kwanza, akiruka herufi zilizozidi.

"Sa... hi... hi... sho."

Akakiondoa kidole kwenye kioo.

"Sahihisho," akarudia. "Huyu mtu kanisahihisha tangu hajaota meno ya mbele. Nikimdanganya mama yetu kuwa sijala sukari, yeye yuko nyuma ya mlango: sahihisho." Akamgeukia Mama, machozi yakimtiririka bila aibu. "Shemeji, yupo. Yupo mzima mzima!"

"Mmm," akasema Baba, kana kwamba anawakatiza, maana hakuwa amemaliza. Mkono ukaanguka tena, na tena, shati limelowa kifuani, na hakuna aliyethubutu kumsaidia.

*aaaaallllliiiiiifffffuuuuuutttttaaaaa kkkkkkoooooobbbbbbeeeeee*

"A-li-fu-ta ko-be," akasoma Baba Mkubwa. Akasoma tena.

Kisha Baba akaweka nukta. Zilitoka nyingi, mstari mzima wa nukta.

Baba Mkubwa akainuka akatoka nje. Tukasikia injini inazimwa. Sikumbuki kama niliwahi kusikia mtaa wetu kimya namna ile. Aliporudi aliuning'iniza ufunguo wa gari kwenye msumari wa ukutani, pale anapotundika mtu ambaye hana haraka, akakaa tena kwenye kigoda, akalisukuma begi kwa mguu mpaka likarudi upande wa Mama.

"Haya, mdogo wangu. Umebaki. Sasa nina siku nzima." Akanigeukia mimi. "Redio. Kobe gani?"

Mama naye alikuwa ananitazama, mikono kiunoni. Simu ilikuwa inatetemeka mfukoni, bila shaka ni Dada. Nikafungua kinywa.

Kidole cha Baba kikapanda polepole mpaka juu ya herufi ya S, kikakaa hapo hewani, kinasubiri.