Kupamba kwa Ikhlas kwa Vikaragosi

Mimi sichezi na kompyuta, jamani. Naanza na hili kwa sababu mtaani kwetu Mjambere watu wamezoea kusema, "Wardah yuko ndani anacheza na kompyuta," na mimi nikisikia hivyo hufura. Nachukua anime, hizi katuni za Kijapani, nazikata vipande vidogo vidogo, kisha nazipanga upya juu ya wimbo, hadi mtu akipepesa jicho alipepese na ngoma, akikanyaga akanyage na ngoma. Video ya dakika tatu hunila wiki mbili, na kuna watu hadi Brazili wanaozitazama. Mamangu anaziita vikaragosi. Kila akipita nyuma ya kiti changu husimama kidogo, kisha huniuliza lini nitazima hivyo vikaragosi nikachague mchele.

Sasa, mwezi wa Agosti mdogo wetu Ikhlas aliolewa. Dada yetu mkubwa, Asmaa, yuko Doha, mwaka wa nne huu analea watoto wa watu. Ikhlas alikulia mgongoni mwa Asmaa, maana mama alikuwa akishinda kiwandani. Ruhusa ya kuja alishaipata, na nguo alishashona. Wiki mbili kabla ya harusi, matajiri wake wakamwambia wao wanasafiri na yeye lazima abaki Doha na watoto. Alinipigia simu akilia hata maneno hayatoki. Akaniomba kitu kimoja tu, nifanye nifanyavyo aione siku ya kupamba ya Ikhlas, hata kwa dakika moja.

Nifanyeje sasa? Kupamba ni shughuli ya wanawake peke yao, bibi harusi anapambwa kisha anatolewa mbele yao. Mabuibui yanavuliwa, nywele zinaachwa wazi, watu wanacheza chakacha mpaka wanasahau magoti yao yana umri gani. Mlangoni alipangwa kukaa shangazi yetu, Bi Tumu, na kikapu, na simu yako ama unaitia kikapuni ama unarudi kwenu. Mwaka juzi picha ya binti wa jirani ilitoka kwenye shughuli kama hiyo ikazunguka Kisauni nzima, na mama akaapa kwamba kwake hilo halitatokea. Nilimbembeleza anikubalie picha moja tu ya bibi harusi, ya kuonwa na Asmaa peke yake. Akanijibu kwamba simu ya Asmaa inalala chumba kimoja na watu sita, na yeye hajui macho yao. Wallahi nilikasirika hadi chai ikanishinda kunywa.

Video ya nikaha msikitini ilikuwako, ndiyo. Imejaa wanaume na kofia zao, na shehe anakohoa. Ikhlas hayumo hata kivuli.

Basi siku ya kupamba ikaja, simu yangu nayo ikaingia kikapuni, nami nikakaa pembeni natazama kwa hasira. Kutazama kwa hasira kuna faida yake, hakuna kinachokupita. Nilimwona Bi Tumu akitia sambusa tatu chini ya mtandio, akidhani hatuoni. Nilimwona Lynnette, mpangaji wetu kutoka Bungoma, akijifunga leso kiunoni na kuwashinda chakacha waliozaliwa nayo. Mama hakukaa hata dakika, mara yuko na birika, mara anaamrisha viti visogezwe. Kisha bibi harusi akatolewa, uso ameuinamisha, asumini hadi mabegani, na ukumbi mzima ukapiga vigelegele. Ndipo wazo likaniingia. Watu hawa wote nawajua, na kila mmoja wao nina katuni yake.

Kilichobaki ni sauti. Kesho yake mchana wanawake walikuwa uani wakisugua masufuria na kuziimba tena nyimbo za jana, za kumcheka bwana harusi na jamaa zake wa Mikindani. Nikamfuata mama, nikamwambia sauti si sura. Alifikiri, akaenda kuhakikisha mlango wa ua umefungwa, akarudi akasema, "Haya." Nikanasa kila kitu. Bi Tumu alikuwa akipiga kifuniko cha sufuria kwa upawa, na sijawahi kupata mdundo mzuri wa kukatia picha kama ule.

Nilifanya kazi siku nne. Nilijiwekea sharti moja, kwamba nitatia yale yaliyotokea tu, bila kuongeza wala kupunguza. Ikhlas nilimfanya binti wa kifalme anayeshuka ngazi na taji la maua. Lynnette akawa askari mwenye panga mbili, anayezunguka kama pia ya mtoto. Mama akawa nahodha wa meli ya angani, anayekimbia huku na huko akitoa amri. Na Bi Tumu, Mungu anisamehe, alikuwa paka mnene mwenye mabawa, anayepaa na andazi mdomoni.

Kuituma bila mama kuiona nisingethubutu. Nikawakalisha sebuleni, mama, Bi Tumu na Lynnette, nikafungua kompyuta. Mama akisema futa, nitafuta, na Asmaa atakosa kila kitu.

Bi Tumu alianza kwa kucheka. Alimcheka Lynnette na panga zake, akamcheka mama na meli yake, machozi yakamtoka. Kisha akatokea yule paka. Bi Tumu akaacha kucheka. Akauliza yule ni nani, na Lynnette akajifunika uso kwa mto wa kochi. Bi Tumu akasema yeye hana mabawa, na sambusa zile alikuwa akimwekea mjukuu wake. Mimi nikamwambia kwa adabu zote kwamba hakuna aliyetaja sambusa. Alinigeuzia mgongo, lakini nilimwona akichungulia paka asimpite.

Mama hakucheka. Video ilipokwisha akaniambia nirudie. Nikarudia. Akasema tena. Mara ya tatu nikaona basi, imekwisha, atasema futa.

"Asmaa yuko wapi?" akauliza.

"Si yuko Doha, mama."

"Najua yuko Doha. Humu yuko wapi?"

Nikamweleza sharti langu, kwamba natia yaliyotokea tu, na Asmaa hakuwako.

"Na huyo paka mwenye mabawa alikuwako?"

Bi Tumu alisema ahsante, kwa sauti ya chini.

"Mtie," mama akasema. "Mtie yule msichana wa begi, anayekimbilia treni kwenye mvua. Wa ile video uliyoifanya mwezi wa Ramadhani."

Nilimtazama mamangu nisiamini. Miaka yote ile ya kusimama nyuma ya kiti changu na kuulizia mchele, kumbe anatazama. Nilijisikia vibaya na kufurahi kwa pamoja. Akavuta kiti akakaa kando yangu, na hakuondoka mpaka adhana ya magharibi. Yeye ndiye aliyechagua mahali, kwamba msichana akimbie kwenye mvua wakati wanawake wanaimba, upawa ukigonga afungue mlango, begi lianguke, na baada ya hapo ndipo binti wa kifalme ashuke ngazi. Nilipokata picha nukta moja mapema alinigonga bega. Na alikuwa na haki, nilikata mapema.

Tukaituma. Siku iliyofuata, saa ya watoto anaowalea kulala mchana, Asmaa akapiga. Nikaweka sauti wote wasikie. Alikuwa akicheka hata hawezi kusalimia. Hatukuwa tumemwambia nani ni nani, lakini alitaja mmoja mmoja bila kukosea. Lynnette huyu, mama huyu, na shikamoo Bi Tumu, mabawa yamekupendeza. Bi Tumu akajibu marahaba kwa kiburi, sasa keshalipenda paka lake. Asmaa akamtaja Ikhlas, akasema amependeza, akarudia amependeza.

"Huyu wa begi," akasema. "Huyu ni mimi?"

Mama akaichukua simu mkononi mwangu. "Ni wewe."

"Nilichelewa, mama?"

"Hukuchelewa, mwanangu," mama akasema. "Ulipofika, bibi harusi alikuwa hajatolewa."